Uliza alikolala, si kwao

Buruburu, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani sote tu wazima. Umeniuliza kama daktari aliyepelekwa hospitali ndogo kama hiyo yako ya huko ziwani, isiyo na skani wala maabara ya maana, anaweza kugundua chochote au anapoteza miaka yake bure. Kabla hujaomba uhamisho, nataka umjue daktari mpasuaji Denis Burkitt.

Alikuwa Mwairishi mwenye jicho moja. La pili alilipoteza akiwa na miaka 11. Ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari mpasuaji hapa hapa Nairobi. Mwaka wa 1946 Denis alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Aliwapasua wanaume wengi wenye mabusha, na akawa anawauliza walikotoka. Wengi walitoka mashariki mwa wilaya. Magharibi, wachache mno. Busha la namna hiyo huletwa na minyoo ya filaria, nayo husambazwa na mbu, kwa hiyo lazima lifuate mahali. Hilo alilipata kwa swali na kalamu tu.

Alipohamia Kampala aliendelea vivyo hivyo. Mwaka wa 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe kila upande wa taya, juu na chini. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja. Akarudi kwenye kumbukumbu za hospitali, akakuta kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe tumboni pia. Watu walikuwa wakiyahesabu kama magonjwa mbalimbali. Kumbe ni saratani moja, ndiyo leo huitwa limfoma ya Burkitt. Aliandika habari hizo mwaka wa 1958. Kisha akachapisha vikaratasi vyenye picha, akavituma kwa hospitali za Afrika akiuliza: mmewahi kuona hii? Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu la pauni 250, wakazunguka wiki 10, kama kilomita 16,000. Waligundua kwamba karibu na ikweta ugonjwa huo hupotea ukipanda juu ya mita 1,500 hivi. Ndiyo maana ni wa huko kwenu ziwani na wa pwani, si wa nyanda za juu kama Nairobi. Malaria ina mkono wake humo, pamoja na virusi vya Epstein-Barr vilivyogunduliwa mwaka wa 1964.

Sasa nawe anza daftari lako la kuandika wagonjwa walikotoka. Weka dogo la pembeni, la ugonjwa mmoja au miwili tu. Ukitaka kuandika yote utachoka wiki ya pili. Umri wa mtoto uandike kwa miaka na miezi. Andika siku dalili zilipoanza, si siku aliyofika pekee. Usiulize "kwenu ni wapi?" Utaambiwa ushago, mahali babu alipozikwa, na ramani yako yote itakuwa ya makaburi. Uliza: "Miezi 6 iliyopita mtoto amekuwa akilala wapi?" Andika kijiji na shule iliyo karibu, kwa sababu majina ya vijiji hurudiwa. Anayerudi abaki na namba yake ya kwanza, la sivyo mtoto mmoja aliyekuja mara tatu atageuka watoto watatu. Mwezi usio na mgonjwa, andika sifuri. Burkitt asingeweza kuchora mpaka wa ugonjwa ule bila hospitali zilizomjibu kwamba hazijaona. Angalia pia kijiji kisichokuletea mtu: huenda hakina ugonjwa, au hakina nauli.

Na kwa kuwa uko ziwani, uwe macho na saratani hiyo. Mtoto wa miaka 4 hadi 8, meno ya nyuma yanalegea bila kuoza, ufizi umevimba, pengine jicho linasukumwa nje. Mama atakuwa ameshazunguka naye kung'oa meno. Usimng'oe lingine. Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, kwa hiyo papasa tumbo, mpime malaria, na umpeleke rufaa siku hiyo hiyo. Ukikata kipande cha uvimbe cha kupimwa, kiweke kwenye formalini (dawa ya kukihifadhi) ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kipande chenyewe. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi kitaharibika njiani, na mtoto atakatwa tena. Dawa zipo na wengi hupona, wakifika mapema.

Nitumie ukurasa wa kwanza wa daftari ukishaupiga mistari.

Mama yako