Kabla ya leseni, mniambie mikono iwe wapi

Swali lenu la wiki hii: "Je, Tanzania iruhusu raia mwenye leseni atembee na bastola waziwazi, kama Texas?" Nimesoma majibu mliyokwisha kuyachapisha. Mmoja anasema ujambazi utakwisha, mwingine anasema tutamalizana baa siku ya mechi ya watani. Wote wawili wanamjadili jambazi na mlevi, polisi hakuna aliyemgusa. Mimi naishi hukohuko Texas, pembezoni mwa Dallas, na nawaambia polisi ndiye wa kumfikiria kwanza. Bastola ikishaonekana kiunoni mwa mtu, atakayekuja kuiulizia si jambazi.

Jibu langu ni hapana. Nimeanza nalo ili msije mkasema nazunguka.

Niwawekee sawa kuhusu Texas, maana nyumbani mnaisimulia kama sinema. Bunduki ndefu huku watu wanaruhusiwa kuibeba hadharani tangu zamani. Bastola ndiyo ilikuwa lazima ifichwe, mpaka tarehe 1 Januari 2016, mwenye leseni aliporuhusiwa kuivaa waziwazi ikiwa ndani ya ala yake, mkandani au begani. Septemba 1, 2021 wakaondoa hata hiyo leseni: umetimiza miaka 21, huna hukumu wala katazo la kisheria, unajivalia. Mwenye duka asiyetaka kuiona anabandika tangazo mlangoni, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisipungue inchi moja. Kiswahili bado.

Sasa shemeji yangu, mume wa dada. Ni dereva wa malori, na alipita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, enzi zile za mujibu wa sheria, jambo ambalo atakusimulia hata usipouliza. Bastola aliinunua baada ya kuporwa usiku kwenye maegesho ya malori, jimbo la jirani, akiwa amelala kwenye kebini ya lori lake. Uraia alikuwa ameshapata. Akasoma darasa, akachukua leseni ingawa si lazima tena, akaagiza ala ya ngozi ya kahawia ambayo alikuwa akiipaka mafuta kama viatu vya gwaride. Dada alimwambia, "Siku utakayoingia nayo kanisani ndiyo siku narudi Moshi." Kanisani hakuivaa. Kwingine kote aliivaa.

Jumamosi moja tulikuwa na kipaimara cha mtoto wa rafiki zetu, bustanini, mbuzi wawili wameshachinjwa, na wanakamati wanapiga simu kwamba barafu imekwisha. Mwezi wa saba huo, joto la Dallas mnalisikia tu. Tukatoka mimi, shemeji na mwanaye wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha kwanza au cha pili kwa hesabu za nyumbani. Tukasimama sheli ya karibu. Shemeji akaingia kulipa. Sisi tukabaki garini na kiyoyozi, kijana nyuma na simu yake, mimi mbele nahesabu vikombe vya plastiki.

Barafu huku haichukuliwi ndani. Unalipa, unapewa risiti, halafu unakwenda mwenyewe kwenye friza kubwa lililowekwa nje ukutani unachukua mifuko yako. Shemeji akachukua miwili, kila mkono mmoja, ameikumbatia kifuani. Shati lilikuwa la kitenge, limechomekwa vizuri, kwa hiyo bastola inaonekana kwa yeyote mwenye macho, upande wa kulia. Ndivyo sheria inavyosema, waziwazi. Pochi yenye leseni ilikuwa mfuko wa nyuma, upande huohuo wa kulia.

Magari mawili ya polisi yaliingia bila king'ora. Milango ikafunguka, askari wawili wakajibana nyuma ya milango, silaha zimeshatoka. "Weka chini! Weka chini sasa hivi!"

Naomba msome hapo polepole, kwa sababu mimi nimeshairudia picha hiyo mara nyingi na bado sijaimaliza. Weka chini nini? Mtu ana mifuko miwili ya barafu mikononi na bastola kiunoni. Askari anayepiga kelele anawaza bastola, maana ndiyo aliyopigiwa simu. Yule wa pili ana kazi moja tu, kuangalia mikono, na mikono haionekani, iko nyuma ya barafu. Shemeji naye ni mtu wa JKT: afande akiamuru unatekeleza, tena haraka. Nilimwona akianza kuusogeza mkono wa kulia. JKT ilimfundisha kutii upesi, na kutii upesi ndiko kulikotaka kumuua. Alikuwa anakwenda kuitoa bastola ili aiweke chini kama alivyoambiwa.

Kijana alikuwa ameshateremsha kioo. Sijui aliteremsha saa ngapi. "Barafu, Baba! Achia barafu tu! Mikono juu!" Kwa Kiswahili, mtoto ambaye nyumbani ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza.

Mifuko ikaanguka, ikapasuka, barafu ikatapakaa kwenye sakafu inayowaka jua. Mikono ikapanda juu, vidole vimetanuka. Askari mmoja akapiga kelele nyingine kwetu, na sisi mikono kwenye dashibodi. Vikombe vyangu vikamwagika miguuni.

Wakati huo akatoka dukani mzee wa Kizungu mwenye kofia pana ya Texas, kikombe cha kahawa mkononi, na bastola kiunoni. Waziwazi vilevile. Askari akamwambia, "Mzee, tafadhali rudi nyuma kidogo." Tafadhali! Mzee akarudi nyuma kidogo. Baadaye, shemeji akiwa ameshapokonywa bastola na kukaa kwenye ukingo wa saruji, mzee huyo alisogea akawaambia askari kwamba alikuwa nyuma yake kwenye foleni, kwamba walizungumza kuhusu ile ala ya ngozi, na kwamba huyu bwana hana tatizo. Dada mpaka leo akisimuliwa kipande hicho anakasirika. Shemeji yeye anasema mzee wa watu alimsaidia. Mimi naona wote wawili wako sawa na sioni namna ya kuwapatanisha.

Askari walikagua leseni, wakaitoa magazini, wakaitoa na risasi iliyokuwa chemba, wakazungumza na redio yao kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko misa. Kisha wakamrudishia kila kitu, bastola huku, magazini huku, wakamwambia asiijaze mpaka waondoke. Hajavunja sheria yoyote, wakasema. Mtu alipiga 911, simu ya dharura ya huku, kwamba kuna mwanamume mweusi mwenye bunduki anarandaranda nje ya duka. Mmoja wa wale askari alikuwa mweusi pia, kijana mdogo, na mikono yake ilikuwa inatetemeka zaidi ya ya shemeji. Shemeji akasimama akawaambia asante na poleni na kazi. Mwenye duka, Mnepali, akatoka na mifuko mingine miwili na akakataa kulipwa.

Nimewasimulia kwa urefu kwa sababu swali lenu linauliza leseni, na leseni shemeji alikuwa nayo. Haikuwa na kazi yoyote mpaka mtoto alipokwisha kumwokoa.

Sisi nyumbani tunavyokutana na polisi ni kinyume kabisa na huku. Trafiki akikupiga tochi pale Chalinze, unapaki, unashuka, unamfuata yeye alipo na kadi ya gari mkononi. "Afande, habari za kazi? Jua kali leo." Kukaa ndani ya gari na kungoja afande akufuate dirishani ni dharau. Huku kushuka na kumfuata ndiyo hatari. Unakaa, mikono kwenye usukani, na usipekue chochote mpaka uambiwe. Na mwenye leseni, akiombwa kitambulisho huku amebeba silaha, sheria ya Texas inamtaka aonyeshe na leseni yake ya bastola. Imekaa wapi? Mfukoni. Mkono unakwenda wapi? Kiunoni.

Philando Castile, dereva mweusi, alijaribu kuwa mkweli. Julai 6, 2016, Falcon Heights, Minnesota, aliposimamishwa akamwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Kibali alikuwa nacho. Alipigwa risasi mbele ya mpenzi wake na mtoto wa miaka 4 aliyekuwa kiti cha nyuma, na Juni 2017 mahakama ikamwachia huru askari yule. Castile bastola yake ilifichwa, mtasema. Haya, John Crawford, Agosti 2014, ndani ya duka la Walmart huko Beavercreek, Ohio, jimbo linaloruhusu kubeba waziwazi: alikuwa ameshika bunduki ya upepo aliyoitoa kwenye rafu za duka hilohilo. Mtu akapiga 911. Polisi wakaingia, wakamuua. Ingekuwa bunduki ya kweli bado kuibeba kungekuwa halali.

Na Dallas yetu hii, Julai 7, 2016, siku moja baada ya Castile. Maandamano katikati ya mji, baadhi ya waandamanaji wamebeba bunduki ndefu kama haki yao inavyowaruhusu. Micah Johnson akaanza kufyatua, polisi watano wakafa. Katika vurugu hiyo polisi wakaisambaza mtandaoni picha ya Mark Hughes, mwandamanaji aliyebeba bunduki yake kihalali, wakimwita mtuhumiwa. Yeye alikuwa ameshaikabidhi bunduki kwa askari. Akahojiwa, akaachiwa. Mkuu wa polisi, David Brown, alilalamika baadaye kwamba watu wakiwa na bunduki barabarani na risasi zikaanza kulia, askari hawajui nani mbaya nani mwema. Huyo ni mkuu wa polisi mwenye helikopta na kamera kila kona. Mpeni OCD, mkuu wa polisi wa wilaya yenu, fumbo hilohilo.

Mpaka hapa mnaona naelekea kuomba jambo hili lipigwe marufuku hata huku Texas. Nami nilidhani hivyo nilipoanza kuandika. Lakini kuna jambo la California linanikwaza. Mwaka 1967 huko Oakland, Black Panther, kundi la wanaharakati weusi, walikuwa wakiwafuata polisi doria, bunduki mikononi, wanasimama mbali kidogo na kutazama polisi wanavyokamata watu weusi. Ilikuwa halali. Mei 2 mwaka huo wapatao 30 wakaingia na bunduki zao kwenye jengo la bunge la jimbo, Sacramento, kupinga muswada wa kuzuia jambo hilo. Muswada ukapita haraka, na gavana Ronald Reagan, ambaye wapenda bunduki wanamwona kama mtakatifu, akautia saini. Yaani marufuku iliharakishwa walipobeba watu weusi. Huku Texas mzee wa kofia pana alikuwa anabeba bunduki yake ndefu muda wote huo na hakuna aliyemharakishia marufuku.

Kwa hiyo mkiniuliza Texas, nasema, na ninajishangaa: waiache. Marufuku mpya mikononi mwa polisi walewale waliomwambia mzee "tafadhali" itamkuta shemeji kabla ya mzee. Afadhali sheria inayosema wote wawili wako sawa, ambayo angalau iliwalazimisha askari kumrudishia bastola yake na kumwambia hana kosa. Shemeji mwenyewe siku hizi anaificha chini ya shati, jambo ambalo mimi naliona baya zaidi na dada analiona afadhali.

Kwa Tanzania hapana yangu imebaki, ila imebadilika sababu. Dai la "sisi tuna hasira" silikubali. Wamasai wanapita Kariakoo na sime kiunoni na rungu mkononi, polisi hawageuzi shingo, kwa sababu kila mtu anajua yule ni nani na kwa nini amebeba. Bastola kwetu haina maelezo hayo. Machi 2017, mchana, Dar es Salaam, mbele ya kamera za waandishi, mtu mwenye nguo za kiraia alimtolea bastola Nape Nnauye aliyekuwa ametoka tu kuvuliwa uwaziri. Septemba mwaka huohuo Tundu Lissu akamiminiwa risasi Dodoma. Nchi nzima ikazoea kusema "watu wasiojulikana". Leo ukimwona mtu wa kiraia na bastola stendi unajiuliza: ni afande, ni jambazi, au ni wale? Mnataka kuongeza wa nne, mwenye leseni, halafu mgambo wa kata ndiye awatenganishe?

Labda siku polisi wetu watakapolazimika kuvaa sare na jina kila wanapokamata mtu, mniulize tena. Sisemi nitakubali.

Na ninyi mlioko huku kwa viza ya masomo au matembezi, mjadala huu hauwahusu kabisa: sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki au hata kushika bunduki, isipokuwa kwa mianya michache kama kibali cha uwindaji. Mwenyeji akiwaambia twendeni uwanja wa shabaha, muulizeni wakili kwanza. Msimuulize shemeji yangu.