Nyoka Wako Ametulia, au Ameogopa?

Nyoka anaweza kutulia mkononi kwa sababu tatu. Huenda amekuzoea. Huenda ameogopa mpaka akajikaza, akitumaini hutamwona. Na huenda ana baridi tu, maana joto la mwili wake hutegemea mahali alipo, na akipoa hata ukali wake hupoa. Katika miaka yangu ya kufuga nyoka wasio na sumu, nimewasikia wafugaji wengi wakimsifia nyoka upole kumbe ni woga au baridi. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye suala la umshike mara ngapi, tujue kwanza kinachotafutwa.

Kinachotafutwa ni mazoea. Sijaona dalili kwamba nyoka hummiss mtu au hufurahi kumwona akirudi nyumbani. Anachojifunza ni kwamba mkono huu, wenye harufu hii, umekuja mara nyingi na haujamdhuru, hivyo hakuna haja ya kuukimbia wala kuugonga. Hilo pekee ni jambo kubwa, kwa sababu nyoka asiyeogopa hula vizuri, husafishiwa tangi bila vurugu na hukaguliwa afya yake kwa urahisi.

Mtazame ulimi. Aliyezoea huutoa taratibu, akiupeperusha na kuurudisha, kwani ndio unaokusanya harufu na kuzifikisha kwenye kiungo cha kunusia kilichomo kaakaani. Mwili wake umelegea, anapita kutoka kiganja hadi kiganja bila pupa. Aliyeogopa huwa mgumu, na mara nyingi ulimi hautoki kabisa. Anayewadanganya watu zaidi ni Python regius, yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi na ya Kati. Akiogopa hujiviringa akawa donge, kichwa kikafichwa katikati, na mgeni husema, "Mpole huyu!" Upole utauona siku atakapojikunjua mwenyewe mkononi mwako na kuanza kuchunguza. Nyoka wa mahindi wa Marekani, Pantherophis guttatus, yeye hafichi kitu: akiwa mchanga hutikisa mkia, hukunja shingo mfano wa herufi S na kuchupa mbele. Usimkatie tamaa. Mtoto wa nyoka porini ni chakula cha kila mwenye mdomo, na ukali huo ndio ulinzi wake. Wengi huuacha wakikua, na wakishikwa vizuri huuacha mapema zaidi.

Nyoka mgeni usimguse. Mpe wiki moja, hata mbili, akiwa na maji, joto linalomfaa na mahali pa kujificha kwenye upande wa joto na ule wa ubaridi. Mimi hungoja mpaka ale mara mbili tatu mfululizo bila kukataa. Baada ya hapo naanza na dakika chache, nikipanda polepole hadi kumi au kumi na tano, mara mbili au tatu kwa wiki. Kwa niliyoyaona, utaratibu una nguvu kuliko wingi. Anayemsahau nyoka mwezi mzima kisha akamshika saa mbili siku moja hajengi chochote.

Mkono uje kwa ubavuni. Kinachomshukia kutoka juu, kwake ni mwewe. Uje taratibu lakini bila kusitasita, maana mkono unaosogea na kurudi, kusogea na kurudi, humtia hofu kuliko ule unaofika moja kwa moja. Mnyanyue katikati ya mwili, mkono wa pili ubebe sehemu iliyobaki, na shingo usiikamate. Kubanwa karibu na kichwa ndiyo hali ya kukamatwa na adui, na kila ukimbana hivyo unafuta somo ulilokuwa ukimfundisha.

Kuna jambo moja ambalo naona halizungumzwi vya kutosha: wakati wa kumrudisha tangini. Ukimrudisha pale pale anapopuliza kwa hasira, amejifunza kwamba kupuliza huondoa mkono, na kesho atapuliza mapema zaidi. Ngoja atulie kidogo, hata nusu dakika, ndipo umrudishe. Lakini usivuke upande wa pili pia. Nyoka anayehangaika mfululizo, anayetoa kinyesi na yale majimaji yanayonuka ya tezi za mkiani, ukimng'ang'ania nusu saa unamthibitishia kwamba mkono ni balaa. Ni kumsoma yeye, siyo saa ya ukutani.

Siku mbili baada ya kula usimshike, na zaidi ya hapo kama uvimbe wa mlo bado unaonekana. Anaweza kutapika, na kutapika humdhoofisha. Macho yakianza kufifia yakawa na rangi ya samawati ya maziwa, anakaribia kujivua gamba. Haoni vizuri na hushtuka upesi, basi mwache amalize.

Kuumwa na nyoka mwenye njaa ni suala jingine kabisa. Nyoka mwoga hugonga na kuachia. Mwenye njaa huuma, akashikilia na kujizungusha, kwa kuwa amedhani mkono ni panya. Jamii ya Lampropeltis, yaani wale nyoka waitwao kwa Kiingereza kingsnake na milk snake, wanajulikana sana kwa hilo, hata wakiwa wamezoea kushikwa. Dawa yake ni ishara: kabla ya kumnyanyua, mguse mwilini kwa kijiti chenye kulabu au karatasi iliyoviringwa. Chakula kije kwa koleo siku zote, bila nyoka kuguswa kwanza. Baada ya muda ataelewa kwamba akiguswa hakuna mlo. Nawa mikono kabla, ili usinuke panya, na unawe kwa sabuni baadaye, kwa sababu nyoka mzima kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela. Watoto walio chini ya miaka mitano wasimshike.

Wapo wasiolainika hata ufanye yote haya. Ninaye mmoja wa aina hiyo: anakula, anajivua gamba zima, lakini mkono hautaki. Huyo namhamisha kwa kulabu ninaposafisha tangi, basi. Afya yake haihitaji nimshike.

Ila yule aliyekuwa ametulia miezi na miezi, kisha ghafla akawa mkali, usimwongezee mazoezi ya kushikwa. Pima joto la tangi pande zote mbili. Tafuta utitiri chini ya magamba, hasa kuzunguka macho na kidevuni, na ndani ya bakuli la maji. Msikilize anavyopumua, uangalie kama ana ute au mapovu mdomoni. Ukiona lolote kati ya hayo, mpeleke kwa daktari wa mifugo mwenye ujuzi wa wanyama watambaao, na kumshika kusubiri mpaka apone.