Siku nne bila kusema, na neno "Acheni"

Nilipomwambia mama kwamba naenda mafungo Peramiho, kwa watawa wa Kikatoliki, swali lake la kwanza lilikuwa: "Unafunga siku ngapi?" Sikumshangaa. Sisi Walutheri tukisikia mafungo tunawaza njaa, mkesha na spika. Nikamweleza kwamba chakula nitakula kama kawaida, ila sitasema. Akanyamaza, halafu akacheka mpaka akakohoa. "Wewe? Usiseme?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Mimi ni mhasibu, mweka hazina wa kikoba, mjumbe wa kamati za harusi za watu nisiowajua vizuri, na dada mkubwa wa wadogo wanne. Siku yangu ni simu moja baada ya nyingine.

Tangu nirudi, watu wawili watatu wameniuliza kama na wao waende. Wengi wanaanza na swali la mwisho: "Ulipata neno gani?" Utadhani nilitumwa dukani. Nitawaambia neno, lakini ngoja kwanza niwaambie nilivyofika kwake, maana mambo mengi yako huko.

Kutoka Dar mpaka Songea ni kama kilomita 950 kwa basi. Unapanda alfajiri, na ukifika Makambako unaelewa kwa nini wenyeji walikuwa wamebeba makoti. Peramiho iko magharibi mwa Songea. Wamonaki wa Kibenediktini walifika hapo mwaka 1898, na mpaka leo maisha ya pale yanakwenda kwa kengele. Kanuni wanayoifuata, ya Mtakatifu Benedikto wa karne ya 6, inaanza kwa neno "Sikiliza". Ina sura nzima juu ya kunyamaza, na mahali pengine inasema mezani mtu akihitaji kitu aombe kwa ishara. Nilijifunza ishara ya chumvi siku ya kwanza.

Salamu pia nilijifunza. Mlangoni nilisema "Bwana asifiwe", bruda akajibu kwa upole, "Tumsifu Yesu Kristo", nikabaki nimekodoa macho. Jibu ni "Milele, amina". Kama unatoka kanisa lingine, ujue hilo tu, mengine watakuvumilia.

Siku ya kwanza nililala. Nasema kulala hasa: baada ya chakula cha mchana mpaka kengele ya Masifu ya Jioni, na usiku tena. Niliona aibu, nikamwambia padri aliyekuwa ananiongoza, mzee mmoja mwenye sweta lililotoboka kiwikoni, kwamba nimepoteza siku nzima. Akasema, "Mama, mtu aliyechoka hasikii. Lala." Basi huo ndio ushauri wangu wa kwanza, na sioni aibu kwamba hauna mstari wa Biblia. (Unao, kwa kweli. Eliya alipokata tamaa jangwani, malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate, akamwacha alale tena, akamwamsha ale tena. Ile sauti ndogo, ya utulivu, ya 1 Wafalme 19 ilikuja baadaye sana, baada ya safari ya siku arobaini.)

Siku ya pili ndipo kelele zilipoanza. Nje kulikuwa kimya, ukitoa wanawake waliokuwa wanapiga mahindi kichanjani ng'ambo ya ua. Ilikuwa msimu wa mavuno, na fimbo zilianza asubuhi: pu, pu, pu. Ndani yangu kulikuwa na soko. Hesabu za kikoba. Neno ambalo bosi alinitupia mwezi wa tatu. Na zaidi ya yote, mdogo wangu.

Tunamjengea mama nyumba kwetu Machame. Mimi natuma hela, mdogo wangu anasimamia. Au niseme ukweli: mimi natuma hela na pia nasimamia, nikiwa Dar, kwa picha. Nataka picha ya risiti, picha ya mifuko ya saruji, picha ya fundi akiwa juu ya ngazi. Miaka mitatu sasa. Mwaka huu akaacha kupokea simu zangu, ananijibu kwa ujumbe wa maneno mawili. Siku ile ya pili nilifungua daftari nikaandika makosa yake, nikayapa namba. Yalifika 14. Mhasibu ni mhasibu.

Usiku nikashindwa. Hapa lazima niungame kitu: simu kubwa niliikabidhi mapokezi kwa mbwembwe zote, lakini nilikuwa nimeficha kiswaswadu ndani ya soksi. Nikatoka nacho mpaka migombani, nikampigia bodaboda aliyenileta, nikamwambia aje anichukue, naondoka. Akaniuliza saa ngapi nikamwambia sasa hivi. Akasema, "Mama, baridi hii? Nitakuja asubuhi." Akakata.

Asubuhi alikuja kweli. Nikampa hela ya mafuta akarudi zake, kwa sababu kabla hajafika nilikuwa nimeshamweleza padri kila kitu, na kiswaswadu nimekiweka mezani kwake. Hakukigusa. Alinieleza tu kanuni ya Ignasi wa Loyola, yule askari aliyevunjwa mguu na risasi ya mzinga pale Pamplona mwaka 1521 na baadaye akawa mwalimu wa mafungo: roho yako ikiwa katika giza na huzuni, usibadilishe uamuzi ulioufanya ukiwa na amani. Uliamua siku nne ukiwa na akili yako timamu, basi kaa siku nne. Usiku si wakati wa kuita bodaboda.

Kisha akanipa Zaburi ya 46 niende nayo. Moyoni nikacheka. Zaburi ya 46 ni yetu! Wimbo wa Luther wa ngome umetoka humo, na kila Sikukuu ya Matengenezo tunauimba tumesimama wima kama askari. Nikadhani ananipendelea kwa sababu ya dhehebu. Nikaisoma haraka, kama mtu anayepita mtaa wa kwao.

Kwenye aya ya 10 nikasimama. "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu."

Zipo tafsiri zinazosema "Tulieni", na nyingine "Nyamazeni". Yangu, ile ya Union Version niliyopewa nikiipokea kipaimara, inasema "Acheni". Nimeishi na neno hilo tangu utotoni, na si katika maombi. Ni neno la mama akitoka jikoni na mwiko. Ni neno la mzee akikuta vijana wameshikana mashati njiani: "Acheni! Nimesema acheni!" Nikarudi aya moja nyuma, na kweli, kuna vita pale. Mungu anavunja uta, anakata mkuki, anachoma moto magari ya vita. Aya ya 10 haimwimbii mtoto alale. Inaamulia ugomvi.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kanisani. Nikatazama mikono yangu magotini, nikaona vidole vimekunjwa, ngumi zote mbili. Sijui zilikuwa hivyo tangu lini. Nilipozifungua, viganja vilikuwa na alama za kucha.

Nilipomsimulia padri, alisema kwamba kitenzi cha Kiebrania hapo kina maana ya kulegeza, kuachia, mikono ishuke. Hakuongeza. Kisha akauliza kuhusu ile orodha ya makosa 14: "Na wewe, hapo umeshika nini?"

Sikumjibu siku hiyo.

Sasa kuhusu kupata neno. Siku hizi tumezoea neno la mwaka la mkesha: mwaka wa mpenyo, mwaka wa kuinuliwa, linachapishwa kwenye fulana na kalenda, na kufikia Machi hakuna anayelikumbuka isipokuwa kalenda. Sina ugomvi na mchungaji yeyote. Lakini jambo lenyewe ni la zamani sana, na lilikuwa na makali zaidi. Katika karne ya 4, huko jangwani Misri, watu walitembea mwendo mrefu kumfuata mtawa mzee na kumwambia, "Abba, nipe neno." Walipewa sentensi moja wakarudi nayo nyumbani.

Padri alinisimulia habari ya Pambo, mmoja wao, ambaye hakujua kusoma. Alikwenda kwa mwenzake afundishwe zaburi. Akasomewa mstari wa kwanza wa Zaburi ya 39, "Nitazitunza njia zangu nisije nikakosa kwa ulimi wangu," akamzuia mwalimu asiendelee. Huo unatosha, akasema, akaondoka. Miezi sita baadaye akaulizwa mbona harudi kwa mstari wa pili. Akajibu kwamba wa kwanza bado hajauweza. Inasimuliwa kwamba baada ya miaka 19 alikuwa bado anasema karibu hivyo hivyo.

Ndiyo maana nasema usiende kuchagua neno. Ningechagua mwenyewe, ningechagua "inuka", maana linapendeza. Nililopewa liliniudhi, na kwa uzoefu wangu mdogo hiyo ni dalili nzuri. Dalili nyingine: linarudi lenyewe bila kuitwa, na linakusukuma kuelekea kwa mtu fulani badala ya kukuweka juu yake. Neno likikufanya ujione bora kuliko wenzako uliowaacha nyumbani, limetoka kwako.

Tena usiwe na haraka ya kulitafsiri. Mimi jioni ile ile nilishaamua kwamba "acheni" maana yake niache kazi. Nilianza hata kuandika barua kichwani. Padri alisikiliza, akakuna kiwiko kwenye lile tundu la sweta, akasema, "Neno la jana na barua ya leo? Likae kwanza." Limekaa. Kazi bado ninayo.

Kwa anayetaka kwenda, machache. Anza na siku tatu au nne, yale mafungo ya siku nane au ya siku thelathini ya wafuasi wa Ignasi yaache mpaka uzoee. Beba Biblia na daftari, vitabu vingine viache, kwa sababu utajificha humo kama mimi nilivyojificha kwenye kiswaswadu. Mwambie anayekuongoza jambo unaloona aibu kulisema, na uliseme mapema, siku ya mwisho ni kuchelewa. Ukilia, lia, hakuna atakayekuuliza, na huo ni mojawapo wa uhuru mkubwa niliouona pale. Lakini kama umefiwa juzi, au una siku nyingi hulali na mawazo yanakupeleka pabaya, usikimbilie kimya peke yako. Zungumza kwanza na mtu, na daktari pia. Kimya kinafungua milango, na mingine inahitaji watu wawili kuifungua.

Na ukirudi, usitangaze. Nililifanya kosa hilo. Kwenye basi la kurudi, kabla hata ya Njombe, nilishaliweka neno langu kwenye status, na picha ya mnara wa kanisa. Nikapata mioyo mingi. Saa hiyo hiyo nikamtumia mdogo wangu ujumbe: "Umefikia wapi na kenchi? Nitumie picha." Ngumi zilikuwa zimerudi zenyewe.

Alipiga wiki iliyofuata, mara ya kwanza baada ya miezi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejiandaa kugombezwa. Fundi anasema mabati ya rangi niliyotaka yameisha Moshi, yapo ya kijani, au wasubiri. Nilikuwa na jibu tayari, na bei, na jina la duka la Arusha. Nikaiweka ile mikono mapajani, nikaifungua.

"Wewe unaonaje?" nikamuuliza.

Kimya. Nikasikia upepo wa kule na mtu akigonga misumari.

"Dada," akasema, "upo?"