Siku kumi bado mapema, ila hiyo tramadoli ndo ya kuangalia

Dada pole na kuuguza. Umesema mdogo wako kagundulika na sonona (depression) kaandikiwa fluoksetini ya miligramu 20, leo siku ya kumi haoni nafuu, na majirani wanamtisha kwamba atakuwa teja. Hizi dawa sio panado jamani, nyingi zinaanza kushika kati ya wiki ya pili na ya nne, tena maudhi yanatangulia faida, kichefuchefu, usingizi kukata, hamu ya tendo kushuka, mengi yanapungua yenyewe ila hilo la mwisho huwa linang'ang'ania kwa hiyo asione aibu kumwambia daktari.

Kufanya kazi zinafanya. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilitoa uchambuzi wa majaribio 522 ya dawa 21 za sonona, zote zilizidi vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, japo sio kwa kihivyo, ndo maana ushauri nasaha msiuache.

Uteja hakuna, ila akikatisha ghafla anaweza kupata kizunguzungu na hasira za ajabu. Hata akipona aendelee nazo miezi sita au zaidi, apunguze kwa kuelekezwa.

Mi kinachonipa wasiwasi ni hiyo tramadoli, dawa ya maumivu anayotumia kwa mgongo, uliyoitaja mwishoni kama kitu kidogo, ikikutana na fluoksetini inaweza kumletea degedege, daktari ajue leo. Na kama hajafika miaka 25 mkae naye karibu wiki hizi za mwanzo, akianza kuongelea kujiua au akawa hatulii kabisa msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni hospitali usiku huohuo.