Visa ya utalii kwa mafunzo ya vitendo Dar

Umeuliza, dada, kama visa ya utalii inatosha kuja Tanzania kwa mafunzo ya vitendo. Haitoshi. Visa ya kawaida ya dola 50 ni ya matembezi, na mafunzo ya vitendo kwenye taasisi kama Foundation for Civil Society, inayotoa ruzuku kwa asasi za kiraia, hapa Dar yanahesabika kuwa kazi hata kama hulipwi senti. Kwa pasipoti yako ya Ujerumani, kama hutazidi siku 90, omba visa ya biashara, dola 250. Ukizidi hapo, kibali cha ukaazi daraja C, ndicho cha wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Barua ya taasisi inayokupokea ndiyo msingi wa maombi, kwa hiyo idai kabla hujakata tiketi.

Nasema hivi kwa sababu nimepokea wanafunzi wa nje kwenye asasi ndogo inayoishi kwa ruzuku. Mmoja aliambiwa na chuo chake aje tu na visa ya utalii. Wiki ya pili ikabidi aondoke, faili la stakabadhi za kikundi cha akina mama wa Kondoa likiwa wazi mezani kwake. Iliniuma, maana binti alikuwa anajituma kweli.

Wakenya na Waganda hawahitaji visa kuingia, lakini nao waulize Uhamiaji kuhusu kibali. Na Kiswahili chako kinoe: ripoti za vikundi vya wilayani huja kwa Kiswahili, stakabadhi zimeandikwa kwa mkono, na mtu asiyezisoma hubaki kupanga mafaili.