Gusa injini kabla hujaiwasha

Ndugu, umeuliza utapataje pikipiki ya porini iliyotumika, imara, kwa pesa kidogo. Achana na za mashindano, zinadai pistoni mpya kila mara. Tafuta injini ya mipigo minne (four-stroke) inayopozwa kwa hewa, kama Honda XR. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukiigusa ukakuta ina joto, jiulize anaficha nini, maana injini yenye joto huwaka kirahisi hata ikiwa na tatizo. Iwashe mwenyewe, moshi wa bluu usiokatika ni oili inayoungua, na hapo mimi huondoka. Toa kichujio cha hewa, upitishe kidole nyuma yake. Ukikuta mchanga, injini imekuwa ikiumeza. Tikisa magurudumu, beringi zisicheze. Namba ya chesisi ilingane na karatasi, hata bei iwe tamu vipi. Na bakiza pesa ya cheni.