Kopo la thina halikai na meko chumba kimoja

Maswali ya wiki hii yametoka kwa watu wanaofanyia ufundi palepale wanapolala. Ndiyo hali ya wengi wetu Nairobi, kwa hiyo nayajibu kwa kujua kwamba si kila mtu ana banda la kazi.

*Napaka vanishi stuli na vitanda vya watoto chumbani kwangu, Kayole. Meko ya gesi iko hatua tatu kutoka kwenye kopo la thina ya kuyeyushia vanishi. Mume wangu anasema mradi mlango uko wazi, hakuna shida.*

Shida ipo, dada. Kabla ya kufungua kopo, zima meko. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini, hushuka na kutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, nawe huuoni. Ukifika kwenye moto wa meko, jiko la makaa au hata cheche ya swichi, unawaka, na moto unarudi mbio hadi kwenye kopo. Mlango mmoja hautoshi, kwa sababu hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Peleka kazi kwenye roshani au uani, na watoto wasilale chumba kimoja na vanishi ambayo haijakauka.

*Nabandika viatu nyumbani, Kariobangi. Miezi miwili sasa vidole vya miguu vinakufa ganzi. Harufu ya gundi hata siisikii tena, nadhani mwili umeizoea.*

Kilichozoea ni pua, ndugu yangu. Mwili bado unaumia. Barua yako ndiyo iliyoninyima usingizi. Baadhi ya gundi za viatu zina kiyeyusho kiitwacho heksani. Ukikivuta siku baada ya siku, mwili hukigeuza kuwa sumu inayokula mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu zaidi: vidole vya miguu, halafu mikono, kisha miguu inalegea. Mafundi viatu wa Italia na Japani waliugua hivyo hivyo katika karne iliyopita.

Nenda hospitali wiki hii, na kopo la gundi ulibebe. Usipomwambia daktari kazi yako, huenda akaishia kutafuta kisukari au pombe. Acha gundi hiyo kwanza. Usishtuke ganzi ikiongezeka kidogo hata baada ya kuacha, hutokea; kupona huchukua miezi. Na ile barakoa ya kitambaa haikukingi. Inazuia vumbi, lakini mvuke unapita kama vile hakuna kitu. Inayosaidia ni ile yenye vichujio vya mkaa maalumu, navyo hubadilishwa vinapochoka.

*Mjukuu wangu alikunywa mafuta ya taa yaliyokuwa kwenye chupa ya soda. Jirani akasema nimpe maziwa atapike. Nilifanya vyema kukataa?*

Vyema sana, mama. Mafuta ya taa, thina au petroli vikirudi juu kwa kutapika, tone dogo likiingia mapafuni huleta nimonia mbaya. Mtoto apelekwe hospitali moja kwa moja, hata kama anacheza, maana kikohozi na kuhema huweza kuja saa kadhaa baadaye. Na chupa ya soda isiwekwe kitu kingine chochote.

*Petroli ya kunawia grisi mikononi ina ubaya?*

Ndiyo. Ina kemikali iitwayo benzini, inayosababisha saratani ya damu, nayo hupita pia kwenye ngozi. Jipake mafuta ya kupikia, futa, kisha nawa kwa sabuni.

*Matambara niliyotumia kupaka meza mafuta ya kitani (ya mbegu, ya kung'arishia mbao) yalikuwa ya moto asubuhi, na hakuna aliyewasha kitu. Ni nini?*

Ni mafuta yenyewe. Yanapokauka huungana na hewa na kutoa joto, na tambara likikunjwa joto halina pa kwenda. Mimi niliwahi kusukumia matambara kama hayo kwenye katoni chini ya benchi. Jioni nikasikia harufu kali, nikatia mkono: juu pamepoa, katikati pamoto kama chapati inayotoka kwenye kikaango, na kitambaa kimegeuka kahawia. Ningekuwa nimeshalala, sijui. Tandaza moja moja uani hadi yakauke yawe makavu kama karatasi, au yazamishe kwenye ndoo ya bati yenye maji na uifunike.